Baridi ya Kwanza Ikikaribia Iowa na Minnesota: Jinsi ya Kusoma Utabiri na Kupanga Wiki Yako

Wiki ya mwisho ya Septemba simu inaonyesha nyuzi 84 Jumatano na nyuzi 58 Ijumaa. Aliyekulia Bukavu, Kigoma au Kisumu akiziona nambari hizo hudhani joto litashuka polepole, leo kidogo na kesho kidogo. Halishuki hivyo. Kati ya siku hizo mbili ipo saa moja, pengine nusu saa, ambapo upepo wa kusini hukatika, upepo wa kaskazini-magharibi ukaingia kwa kishindo, na kipimajoto kikaanguka. Watabiri wa Marekani huuita mstari huo wa mabadiliko cold front. Mimi hapa nitauita ukingo wa baridi.

Wengi wetu utabiri tunausoma, ila tunasoma nambari za siku na kuiacha saa. Mwongozo huu ni wa kuitafuta hiyo saa, halafu kupanga kila kitu kwa kuihesabia: kazi, watoto, gari, na zaidi ya yote shamba. Nimeuandika kwa ajili ya walioko Cedar Rapids, Des Moines, Iowa City, Rochester, Minneapolis na vitongoji vyake, lakini aliyeko Wisconsin, Nebraska au Dakota ataona mambo ni yale yale.

Saa nimezitaja kwa Kiswahili, kwa hiyo saa moja asubuhi ndiyo ile ambayo simu yako inaiandika 7. Nyuzi ni za Farenhaiti kwa sababu ndizo zinazotangazwa huku. Ukitaka Selsiasi, shika hizi nne: 32 ni sifuri, 50 ni kumi, 68 ni ishirini, 86 ni thelathini.

Kwa nini hewa inageuka ghafla

Kwetu karibu na ikweta jambo hili halipo. Mvua zetu huletwa na ukanda ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, na hewa ya pande zote mbili ni ya joto. Pwani upepo hugeuka kwa misimu; kaskazi hushika zamu yake miezi mingi kabla kusi haijarudi. Katikati ya Marekani mambo ni tofauti kwa sababu ya ardhi yenyewe. Milima ya Rocky iko magharibi nayo imenyooka kutoka kaskazini hadi kusini, na toka tambarare za Kanada hadi Ghuba ya Mexico hakuna mlima unaokata njia. Hewa kavu ya Kanada na hewa yenye unyevunyevu ya Ghuba zinakutana uwanjani bila mwamuzi.

Hewa baridi ni nzito, hivyo inajipenyeza chini ya ile ya joto kama kabari chini ya gogo. Ile ya joto inanyanyuliwa, mvuke wake unageuka mawingu, na mara nyingi inanyesha. Ukingo wenyewe hutembea, kwa kawaida kilomita 40 hadi 50 kwa saa, wakati mwingine zaidi. Ukishajua kasi hiyo unaweza kuufuatilia kama unavyofuatilia basi la mkoani: umeshapita wapi, umebakiza kilomita ngapi.

Hatua ya 1: Ijue ofisi inayokutabiria

Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa, yaani National Weather Service, ina ofisi 122 za utabiri, na kila moja ina wilaya zake. Minneapolis na St. Paul wanatabiriwa kutoka Chanhassen. Rochester ipo Minnesota lakini hutabiriwa na La Crosse, Wisconsin. Des Moines, Ames na Waterloo wako chini ya ofisi iliyoko Johnston. Cedar Rapids na Iowa City wako chini ya Quad Cities, ambayo ofisi yake iko Davenport.

Fungua weather.gov na uandike jina la mji wako au namba ya posta. Ni bure na hakuna matangazo ya biashara. Kisha bonyeza kwenye ramani ndogo mahali hasa lilipo shamba lako, maana utabiri unaoletwa kwanza ni wa mjini, na bonde lililo nje ya mji linaweza kuwa na baridi kali kuliko katikati ya mji usiku huohuo.

Kwenye ukurasa huo tafuta vitu vitatu. Kwanza, grafu ya saa kwa saa, iliyoandikwa Hourly Weather Forecast. Pili, Hazardous Weather Outlook, tangazo fupi la hatari za leo na za siku sita zinazofuata. Tatu, Forecast Discussion, maelezo ambayo mtabiri wa zamu huyaandika akieleza anachofikiri na anachokitilia shaka. Hii ya tatu wengi huiruka kwa sababu Kiingereza chake ni kizito. Mimi naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa ndimo mtabiri anamosema wazi kama ana uhakika au la.

Programu nyingi za simu zinatoa alama ya jua au wingu, na nambari mbili. Kwa siku ya kawaida zinatosha. Siku ya ukingo zinapotosha. Tuseme simu inasema Alhamisi itafika nyuzi 71. Ni kweli itafika, ila itafika saa mbili asubuhi, kisha ukingo unapita, na saa tisa alasiri watoto wanaposhuka kwenye basi la shule ni nyuzi 52 na upepo mkali. Mama aliyemvalisha mwanawe kwa ajili ya 71 hakukosea kusoma. Alipewa nambari ambayo muda wake ulishapita.

Hatua ya 2: Siku nne kabla, soma mwelekeo na uiache saa

Kwenye ramani ukingo wa baridi ni mstari wa buluu wenye meno ya pembetatu, na meno yanaelekea unakokwenda. Mstari mwekundu wenye nusu duara ni ukingo wa joto, ambao kwa kawaida hutangulia. Herufi L ni kitovu cha mgandamizo mdogo wa hewa, H ni cha mgandamizo mkubwa. Mstari wa buluu huning'inia kutoka kwenye L ukielekea kusini au kusini-magharibi.

Swali la kujiuliza siku hizo ni moja: ile L itapita kaskazini yako au kusini yako? Ikipita kaskazini, tuseme juu ya Ziwa Superior au Kanada, wewe utaingia kwanza upande wa joto. Upepo wa kusini utavuma siku nzima, jasho litakutoka, halafu ukingo utakufagia. Hapo ndipo pa kutazama radi. Ikipita kusini, kwa mfano Missouri, ule upande wa joto hautakufikia kabisa. Utapata mvua ya manyunyu, mawingu mazito na baridi kutwa, bila kishindo. Wiki mbili zinazofanana kwenye simu, moja ina hatari na nyingine ina uchovu tu.

Siku nne kabla usimwamini mtu anayekupa saa. Watabiri hulinganisha miundo kadhaa ya kompyuta, wa Marekani uitwao GFS na wa Ulaya wa kituo cha ECMWF ukiwemo, na kwa umbali huo miundo hiyo inaweza kupishana nusu siku. Mtabiri ataandika hivyo kwenye maelezo yake. Akisema inakubaliana, anza kupanga. Akisema inapishana, subiri hadi kesho.

Ukikuta saa zimeandikwa kwa herufi Z, hiyo ni saa ya dunia. Mpaka saa zirudishwe nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, Iowa na Minnesota ziko nyuma yake kwa saa tano. Kwa hiyo 12Z ni saa moja asubuhi ya hapa, na 00Z ni saa moja usiku wa jana yake. Huko Dar es Salaam saa hiyo ya 00Z ni saa tisa usiku, jambo la kukumbuka kabla hujapiga simu nyumbani kutangaza kwamba radi imeanza.

Hatua ya 3: Siku moja kabla, itafute saa

Fungua ile grafu ya saa kwa saa. Mstari mwekundu ni joto. Mstari wa kijani ni kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipoa hadi hapo umande unaanza kutua. Kadiri kiwango hicho kilivyo juu ndivyo hewa ilivyo nzito kwa unyevunyevu: kikipita 65 unasikia hewa inanata mwilini, kikiwa 40 midomo inaanza kukauka.

Tafuta mahali ambapo mambo matatu yanatokea pamoja. Upepo unageuka kutoka kusini au kusini-magharibi kuwa wa kaskazini-magharibi. Mstari wa kijani unaporomoka. Kasi ya upepo inaruka. Hapo ndipo ukingo unapopita kwako. Usitegemee mstari mwekundu peke yake, kwa sababu ukingo ukipita alasiri jua huweza kulishikilia joto kwa saa moja au mbili, ukadhani bado. Na ukipita usiku, kushuka kwake kunafanana na baridi ya kawaida ya usiku. Kiwango cha umande hakifichi.

Iandike saa hiyo mlangoni au kwenye friji. Weka nafasi ya saa tatu mbele na nyuma.

Hatua ya 4: Angalia kama ukingo unakuja na radi

Kituo cha Kutabiri Dhoruba, kilichoko Norman, Oklahoma, hutoa ramani ya hatari ya mvua kali za radi kwa ngazi tano. Ngazi ya 1 ni kijani kibichi, 2 njano, 3 rangi ya chungwa, 4 nyekundu, 5 ni rangi ya waridi iliyoiva. Kijani hafifu isiyo na ngazi maana yake ni radi za kawaida. Wengi hudharau ngazi ya 2. Mimi naiheshimu, hasa ukingo ukipita jioni au usiku watu wakiwa wamelala au wako zamu kiwandani. Kwa dhoruba za huku, radi kali ni ile yenye upepo wa maili 58 kwa saa, takriban kilomita 93, au mvua ya mawe ya upana wa sentimita 2.5, au tonado.

Usidhani tonado ni za majira ya machipuko peke yake. Tarehe 20 Septemba 2018, jioni, kundi la tonado lilipiga kusini mwa Minnesota, likaharibu nyumba maeneo ya Morristown na kuvunjavunja ndege kwenye uwanja mdogo wa Faribault.

Majina ya matangazo nitayaacha kama yatakavyokujia kwenye simu. Watch ina maana mazingira ya dhoruba yapo kwa saa kadhaa zijazo katika eneo pana. Chaji simu, ingiza viti na ndoo ndani, jua mahali pa kujificha. Warning ina maana dhoruba imeshaonekana, kwenye rada au kwa macho ya mtu, na inakuja kwako. Unajificha sasa, hutoki kwenda kuitazama. Advisory ni usumbufu unaohitaji uangalifu. Aliyezoea Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, asizilinganishe moja kwa moja na hizi, kwa kuwa Watch hupimwa kwa uwezekano na Warning kwa jambo linalotokea.

Pa kujificha ni chumba cha chini ya ardhi. Kama jengo lenu halina, shukeni ghorofa ya chini kabisa, ndani kabisa, mbali na madirisha: bafuni, kwenye kabati la nguo, au kwenye korido. Anayeishi kwenye nyumba ya trela aondoke mapema kabla Watch haijawa Warning. Zungumza na majirani wazee na wageni waliofika karibuni ambao hawajui kitu hiki, maana ujumbe wa dharura wa simu haufiki kwa Kiswahili.

Na hilo la ujumbe: watu wengi huuzima kwa sababu unapiga kelele usiku. Uwashe. Kama unafanya kazi ndani ya kiwanda ambako simu huachwa kwenye kabati, muulize msimamizi ni nani anayepokea tahadhari kwa niaba yenu. Redio ndogo ya hali ya hewa, inayoshika masafa ya 162.400 hadi 162.550 MHz, ni ya bei nafuu na haitegemei mtandao. Ving'ora vya mjini vimewekwa kwa ajili ya walio nje. Usitegemee kuvisikia ukiwa umelala. Minnesota huvijaribu Jumatano ya kwanza ya kila mwezi saa saba mchana, kwa hiyo ukivisikia saa hiyo na jua linawaka, endelea na shughuli zako.

Upo pia ukingo mkavu. Septemba ikiwa haina mvua, mstari unaweza kupita bila hata tone, ukabeba vumbi la mashamba ya mahindi na soya yanayovunwa. Ukiona Red Flag Warning, yaani tangazo la hatari ya moto, usichome majani wala takataka na usitupe kipande cha sigara: upepo utageuka ghafla na moto utageuka nao.

Hatua ya 5: Siku yenyewe, uliza mji uliotangulia

Asubuhi ya siku ya ukingo, weka utabiri pembeni kidogo uangalie hali ilivyo sasa hivi katika miji iliyo magharibi na kaskazini-magharibi yako. Kwa Des Moines ni Omaha na Sioux City. Kwa Minneapolis ni Fargo na St. Cloud. Kwa Cedar Rapids ni Waterloo na Des Moines. Omaha hadi Des Moines ni kama kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. Upepo ukigeuka Omaha saa sita mchana, na ukingo ukatembea kilomita 40 kwa saa, utakufikia saa kumi na moja jioni. Hesabu hii ya vidole mara nyingi hushinda programu ya simu, na wenye ndugu wanaoendesha malori kwenye barabara za I-80, I-29 na I-35 wana chombo bora zaidi: ujumbe wa sauti kutoka kwa dereva aliyeshauvuka.

Vaa kwa ajili ya saa ya kurudi, usivae kwa ajili ya saa ya kutoka. Koti la mtoto liingie kwenye begi hata kama asubuhi analikataa. Anayeingia zamu saa tisa alasiri akiwa na fulana, akatoka saa tano usiku, atakuta nje si mahali alipopaacha.

Madereva wa matrela matupu na magari marefu waangalie Wind Advisory, inayotolewa upepo wa ghafla ukitarajiwa kufika kama kilomita 74 kwa saa. Barabara zinazokwenda kaskazini na kusini, kama I-35, hupigwa ubavuni na upepo wa magharibi. Na tairi: kila joto likishuka nyuzi 10, presha hupungua kama pauni moja. Taa ya tairi ikiwaka asubuhi ya kwanza ya baridi, ongeza upepo kabla hujaamua kwamba kuna pancha.

Ukitaka kujua kitu hiki kinaweza kufika wapi, tarehe 11 Novemba 1911 mji wa Springfield, Missouri, ulikuwa na nyuzi 80 alasiri, na kabla ya saa sita usiku zilibaki 13. Oklahoma City siku hiyohiyo iliweka rekodi ya joto kali kuliko zote kwa tarehe hiyo, 83, na ya baridi kali kuliko zote, 17. Hiyo ilikuwa Novemba. Ukingo wa Septemba ni mpole, na kuuma kwake ni shambani.

Hatua ya 6: Ogopa usiku wa pili

Hapa ndipo wakulima wetu wanapopoteza mboga. Ukingo unapita Alhamisi, Alhamisi usiku upepo unavuma na baridi inasikika mpaka kwenye mifupa, mtu anafunika nyanya zake, na asubuhi anazikuta salama. Anapumua. Ijumaa usiku kumetulia, hakuna upepo, nyota zimejaa, hasikii baridi sana akitoka nje, kwa hiyo hafuniki. Jumamosi asubuhi majani yamekuwa meusi.

Sababu ni hii. Usiku wa kwanza upepo unachanganya hewa ya chini na ya juu, kwa hiyo ardhi haipati nafasi ya kupoa peke yake. Usiku wa pili ile H, mgandamizo mkubwa, inafika juu ya kichwa chako. Mawingu yanaondoka, upepo unalala, na ardhi inatoa joto lake lote angani bila kizuizi. Hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inatiririka hadi mabondeni na kukaa humo. Jalidi, ile barafu nyembamba juu ya majani, hutua hapo. Wakulima wa chai wa Kericho na wa mboga wa Nyandarua wanaijua asubuhi kama hiyo.

Kumbuka tena kwamba kipimajoto rasmi kimewekwa karibu mita mbili juu ya ardhi. Kikisoma 36, majani yaliyo chini yanaweza kuwa 32 au pungufu. Ndiyo maana Frost Advisory hutolewa kwa kawaida joto likitarajiwa kuwa kati ya 33 na 36, na Freeze Warning likitarajiwa kufika 32 au chini. Usisubiri uone 32 kwenye simu. Ukiona vitu vitatu kwa pamoja kwenye grafu ya usiku, yaani mawingu karibu na asilimia sifuri, upepo chini ya maili 5 kwa saa, na kiwango cha umande katika 30 na kitu au chini, jiandae hata kama hakuna tangazo.

Mboga si sawa mbele ya jalidi. Mchicha, ambao Wakongomani wanauita lengalenga, hufa usiku huohuo. Vivyo hivyo majani ya maboga, maharage, bamia, bilinganya, nyanya chungu, pilipili na nyanya. Hivi vuna alasiri ya Ijumaa. Nyanya iliyoanza kubadilika rangi hata kidogo itaivia ndani, kwenye sanduku, mahali pasipo na jua wala baridi; usiitie kwenye friji. Ile ya kijani kabisa na ngumu ni ya achari.

Viazi vitamu vinahitaji maelezo yake. Matembele yatakufa kwa jalidi, na ukiacha mashina yaliyokufa juu ya matuta, uozo unaweza kushuka hadi kwenye kiazi. Vichimbe kabla. Ukichelewa, kata mashina asubuhi ileile na uchimbe mara tu udongo utakapokuruhusu, kwa maana viazi hivi vinaumia hata bila kuganda, joto likikaa chini ya nyuzi 50. Viweke kwanza mahali penye joto la 80 na kitu na unyevunyevu kwa wiki moja hadi siku kumi, ngozi ipone majeraha ya jembe, kisha uvihamishie kwenye 55 hadi 60. Huku ndiko kuvikausha jeraha. Bila hivyo havitafika Krismasi.

Sukuma wiki, kabichi, karoti na spinachi viache. Jalidi nyepesi haiviui, na sukuma huwa tamu zaidi baada ya usiku wa baridi kwa sababu mmea hugeuza wanga kuwa sukari kujikinga. Kuna wanaokimbilia kuing'oa sukuma yote siku ya tangazo, na kwa kweli wanajinyima mwezi mzima wa mboga.

Unachotaka kukiokoa, kifunike. Tumia shuka, blanketi au vitenge vikuukuu, jua likiwa linazama, kabla ardhi haijapoteza joto lake. Kitambaa kifike chini pande zote, kwa sababu kinachokinga mmea ni joto linalopanda kutoka udongoni. Kuufunga mmea juu kama kilemba hakusaidii kitu. Plastiki ikigusa jani, jani hilo litaungua kwa baridi, hivyo iwekee miti ya kuinyanyua. Mwagilia udongo mchana wake, kwani udongo wenye maji hushika joto kuliko mkavu. Asubuhi joto likipanda, funua.

Wenye mbuzi na ng'ombe, hili ni la kwenu. Mtama wa malisho na nyasi ya sudani, baada ya kupigwa na jalidi, hutoa sianidi, sumu ileile iliyomo kwenye muhogo mchungu. Mnyama anaweza kufa muda mfupi baada ya kula. Waondoeni kwenye shamba hilo kabla ya usiku wa jalidi, na msiwarudishe mpaka wiki moja hadi mbili zipite na mmea ukauke kabisa. Machipukizi mapya yanayotoka baada ya jalidi ni hatari kuliko majani ya zamani. Majani ya mcheri-mwitu yaliyonyauka nayo ni sumu ya aina hiyo.

Hatua ya 7: Nyumba

Washa hita ya nyumba alasiri moja kabla ya ukingo, uone kama inafanya kazi. Harufu ya vumbi linaloungua dakika chache za mwanzo ni ya kawaida. Harufu ya yai bovu ni gesi, toka nje na upige 911. Badilisha chujio. Kwa wapangaji wa Minnesota, sheria inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto lisilopungua nyuzi 68 kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Ukingo wa Septemba unakuja kabla ya tarehe hiyo, kwa hiyo usingoje baridi ndipo uulize. Andika ujumbe mapema na utunze nakala. Maombi ya msaada wa gharama za kupasha nyumba joto, LIHEAP, nayo hufunguliwa majira haya ya majani kupukutika.

Jiko la mkaa lisiingie ndani, hata kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi. Wala usijipashe joto kwa oveni ya gesi. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na nyumba za huku zimezibwa kuliko zile tulizozoea. Bonyeza kitufe cha kijaribio cha king'ora chake usiku huo wa kwanza. Kisipolia, badilisha betri, na kisipolia tena nunua kingine.

Wiki ifuatayo joto linaweza kurudi hadi 75, watu wakatoa tena kaptula, na ukingo mwingine ukawa tayari umechorwa juu ya Alberta, Kanada. Hesabu inaanza upya, ila kuna badiliko moja la kuliangalia. Msimu wa kupanda ukishatangazwa kuwa umekwisha katika wilaya yako, ofisi haitoi tena Frost Advisory wala Freeze Warning kwa wilaya hiyo mpaka mwaka ujao, hata usiku ukishuka hadi 25. Kimya hicho cha Oktoba kisikufanye uache mpira wa maji umeunganishwa kwenye bomba la nje, maji yakagandia humo.